Nyuzi Nyekundu kwenye Ua la Chui

Ua lile lilikuja kutoka kwetu Nuu ndani ya gunia la mbaazi. Baba yangu alilikuta kwenye tawi la mti ulioangushwa na upepo mlimani, akalibandua polepole kwa ncha ya panga, akampa mfanyabiashara wa mbuzi aliyekuwa akielekea upande wetu. Mimi nilikuwa nimeolewa karibu na Tawa, nafundisha biolojia katika shule ya upili ya kutwa, na baba alijua kwamba kati ya vitu vyote vya nyumbani ambavyo angeweza kunitumia, hilo ndilo lingenifurahisha zaidi.

Ni okidi. Wengi wakisikia neno hilo hufikiria maua ya hotelini, lakini hii ni ya nchi kavu. Hukaa juu ya mti bila kuunyonya, na mizizi yake mingine husimama wima kama sindano, ikinasa majani makavu yanayoanguka. Maua yake ni ya njano yenye madoa ya kahawia, ndiyo maana nyumbani kwetu tulizoea kuliita ua la chui.

Nililifunga kwa kamba ya katani kwenye mgunga uliosimama katikati ya nyumba mbili, yangu na ya ndugu mdogo wa mume wangu. Juu kidogo ilikuwa nyumba ya mama mkwe, ambaye sote tulimwita mwaitu, yaani mama, kama Wakamba wanavyosema. Mume wangu ni fundi wa magari katika mji wa Wote na huja nyumbani mwisho wa wiki. Shemeji yangu analima maembe. Mkewe, mwanamke mkimya wa kutoka Kathonzweni, aliolewa miaka michache baada yangu, na hakuwa amepata mtoto.

Nalisema hilo mapema kwa sababu bila hilo hakuna habari ya kusimulia. Mimi watu waliniita Mwalimu, au waliniita mama wa mtoto wangu wa kwanza. Yeye hakuwa na wa kuitiwa. Sisi wawili tuliitana "mwenzangu", neno ambalo linaweza kubeba mapenzi na linaweza kubeba vita, kutegemea linavyotamkwa.

Kila mwaka, vuli ikikaribia, ua lilichanua mashada kwa mashada. Kisha maua yalinyauka, yakaanguka, basi. Hakuna tunda hata moja. Siku moja mwaitu alisimama chini ya mgunga akiwa na kiondo chake begani, akalitazama juu chini kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni.

"Ua gani hili?" akasema. "Kila mwaka linajipamba, kila mwaka linaanguka. Halizai."

Alisema akicheka. Mwenzangu alikuwa mlangoni kwake akisugua sufuria kwa jivu. Mkono wake ukasimama ndani ya sufuria. Hakuinua macho, lakini niliona shingo yake ikikaza, nikajua kwamba hakusikia habari ya ua.

Mimi nilisikia habari ya ua, na ndiyo iliyoniingiza matatani. Mwaka huo nilikuwa nawafundisha kidato cha tatu jinsi mimea inavyochavushwa. Kuna mimea inayojichavusha yenyewe, kama maharagwe: chavua ya ua hulirutubisha ua lilelile, na kazi imekwisha. Kuna mingine inayohitaji chavua ya mmea mwingine. Okidi ni janja kuliko mimea yote. Ziko ambazo, mdudu asipotokea, kishina cha chavua hujikunja chenyewe taratibu hadi kigusane na sehemu ya kike, zikajizalia bila kumsubiri mtu. Nyingine zinasubiri mgeni mpaka zinanyauka. Nilitaka kujua letu ni la aina gani. Nyuki hawakukosekana zamani, lakini siku hizi msimu wa maembe kila shamba linapuliziwa dawa, na nilishuku kwamba wadudu wa ua hili, kama waliwahi kuwako huku, walikuwa wamekwisha.

Kwa hiyo nikaamua kufanya kazi ya mdudu mwenyewe. Ukitazama katikati ya ua la okidi utaona kitu kama kidole kidogo kilichoinama. Kwenye ncha yake kuna kikofia, na chini ya kikofia kuna vidonge vya chavua, vya njano, vidogo kuliko punje ya wimbi. Nilichukua kijiti cha kuchokolea meno, nikakitoa kikofia, vidonge vikanata kwenye kijiti, nikavibandika ndani ya kitobo chenye utomvu chini ya kidole hicho, katika ua lilelile. Nilifanya hivyo asubuhi kabla ya kwenda shule, nimepanda kigoda. Ili nisisahau maua niliyoyagusa, nilifunga kila moja uzi mwekundu niliofumua kutoka mkono wa sweta kuukuu la binti yangu. Rangi nyingine isingeonekana vizuri katikati ya majani.

Hebu litazame jambo hilo kutoka mlango wa pili. Asubuhi na mapema, kabla watu hawajatoka, mwanamke mwenye watoto amepanda kigoda mbele ya nyumba ya mwanamke asiye na mtoto, anachokoa ua ambalo limesemwa haliwezi kuzaa, midomo inamtembea kwa sababu anahesabu, na anafunga nyuzi nyekundu, fundo baada ya fundo. Tena Ukambani, ambako fundo halifungwi bure. Leo ninashangaa kwamba nilihitaji kuambiwa.

Maua niliyoyachavusha yalivimba shingo, nikafurahi. Baada ya muda yakageuka manjano, yakaanza kuanguka na nyuzi zake. Hapo nilijiambia kwamba ua limekataa chavua yake lenyewe. Lakini nilipookota yaliyoanguka na kuchunguza mashina yalikotoka, nikaona jambo. Ua linaloachwa na mmea wake huacha kovu safi, la njano, kama mahali jino la maziwa lilipong'oka. Mengi yalikuwa hivyo. Machache, upande ulioelekea nyumba ya mwenzangu, yalikuwa na kovu bichi, la kijani, lililochanika. Na nyuzi za hayo hazikuwa chini.

Nikajua kuna mkono.

Nilianza kutazama. Niliposahihisha madaftari nilikaa dirishani, ambapo kabla ya hapo nilikuwa nikikaa mezani. Nilimshuku mwaitu kwa siku kadhaa, kwa kuwa hakulipenda ua, lakini mwaitu akitaka kung'oa kitu hung'oa mchana mbele ya watu. Shemeji hakuwa na habari na chochote kisichozaa embe. Akabaki mmoja. Na huyo mmoja, sasa nilipokuwa nikimtazama, niliona kwamba alikuwa amebadilika siku nyingi. Alikuwa haji tena kwangu kuomba chumvi. Nikimpelekea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, katika bakuli, bakuli lilirudi limeoshwa, lakini kuku wake walionekana wamenona. Zamani tulikuwa tukienda kisimani pamoja, sasa nilimkuta ameshatangulia au amesubiri nipite. Nikimsalimu aliitikia na mguu haukusimama.

"Mwenzangu," nilimuuliza siku moja, "nimekukosea?"

"Umenikosea nini, Mwalimu?" akajibu. Hakuniita mwenzangu. "Wewe ni mtu wa kusoma. Mtu wa kusoma anakosea?"

Akaenda zake. Nilimshuku zaidi, na yeye, nilivyokuja kujua, aliona dirisha langu na uso wangu ndani yake kila jioni, na kila jioni alipata ushahidi mpya.

Jumamosi moja akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi nyumbani kwa mwaitu. Hilo lilikuwa la kawaida, maombi yalizunguka boma kwa boma. Lisilokuwa la kawaida ni kwamba nyimbo zilikuwa chache na maombi yakawa marefu, yote yakiwa juu ya vifungo. Vifungo vya kazi, vifungo vya ndoa, vifungo vya tumbo. Kila lilipotajwa neno tumbo, mtu alifumbua jicho na kunitazama. Baada ya amina ya mwisho hakuna aliyesimama kwenda kuchukua chai.

Kiongozi wao, mama mtu mzima ambaye sauti yake hujaza kanisa bila kipaza sauti, akamgeukia mwenzangu. "Toa."

Mwenzangu akatoa kitambaa kutoka kifuani, akakifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na maua yangu, yamekauka na kuwa meusi kama majani ya chai, na nyuzi nyekundu zimefungwa shingoni mwao.

"Nilizipeleka kwa mtumishi mmoja wa Mungu kwetu Kathonzweni," mwenzangu akasema, akiangalia meza. "Sikumwambia kitu. Aliziona tu, akauliza, nani alikufunga?"

Neno lenyewe halikutamkwa. Uoi, uchawi, ni neno ambalo likishatamkwa juu ya mwanamke katika boma la mume wake halirudi mdomoni. Lakini lilikuwa limekaa nasi pale, limevuta kiti.

"Mwalimu," kiongozi akasema, "sisi hatukuhukumu. Tunauliza tu. Hizi nyuzi ni za nini?"

"Ni alama," nikasema. "Nilikuwa nachavusha maua. Nataka yazae mbegu niwaonyeshe wanafunzi."

"Ua linazalishwa na nani?"

"Na nyuki, au mdudu mwingine."

"Na nyuki wamekufa?"

"Wamepungua. Hizi dawa za maembe..."

"Kwa hivyo wewe ukaona ufanye kazi ya nyuki," akasema, si kwa kejeli, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alikuwa anajaribu kwa dhati kuniamini na haikuwezekana.

Niliwatoa nje. Nilipanda kigoda mbele yao nikawaonyesha kikofia, vidonge, kitobo. Walisogea, wakachungulia, wakarudi nyuma. Mmoja akasema kwamba kweli Mungu ni wa ajabu. Mwingine akamwuliza mwenzake kwa sauti ya chini, ambayo niliisikia, kwamba kama ni masomo mbona afanye alfajiri. Nikasema kwamba saa mbili lazima niwe darasani. Jibu lilikuwa la kweli na lilisikika kama uongo.

Sasa mwaitu akasema, "Ling'olewe."

"Mwaitu," nikamwambia, "likiondoka leo, litakuwa limeondoka kwa sababu ya uchawi. Mimi nitakuwa mchawi ambaye dawa yake iling'olewa. Naomba kitu kimoja. Ua hili limekataa chavua yake lenyewe. Niacheni nilete chavua ya ua lingine kutoka Nuu. Likizaa, mtajua nilikuwa nafanya nini. Lisipozaa, nitaling'oa kwa mkono wangu."

"Na nani atajua umeleta nini kutoka Nuu?" akauliza mwenzangu. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kunitazama usoni.

"Twende wote."

Nilidhani atakataa. Akasema, "Nitaenda."

Tulisafiri wakati wa likizo ya nusu muhula. Alibeba maji yake na chapati zake zilizofungwa kwenye gazeti. Nilipomwekea andazi mkononi tulipofika Kitui, alilishika kwa heshima mpaka lilipopoa, kisha akampa mtoto wa mwanamke aliyekaa karibu nasi, na papo hapo nikaona akishtuka, akimtazama yule mtoto akitafuna, kana kwamba amefanya jambo baya. Mtoto akamaliza andazi, akalamba vidole, akalala. Mwenzangu alimtazama mpaka tukafika Mwingi.

Baba alitupokea vizuri, bila kujua lolote. Nilikuwa nimemwambia kwa simu kwamba nahitaji ua moja tu, kutoka mmea mwingine, si wa mti ule ule ulioanguka. Asubuhi alitupeleka upande wa pili wa mlima, penye miamba, ambapo mmea mkubwa ulikuwa umekaa katika panda ya mti kama mtu aliyechoka kupanda. Ulikuwa umechanua. Madoa yake yalikuwa meusi zaidi kuliko ya letu, na matunda ya mwaka uliopita bado yalining'inia, yamekauka na kupasuka.

"Haya yalizaa," mwenzangu akasema. Alikuwa anaongea peke yake.

Kisha akamgeukia baba. "Baba, samahani kukuuliza. Hili ua ni dawa ya nini?"

Nilitamani baba aseme si dawa. Lakini baba hajui kujibu swali kwa kifupi. "Nimesikia wengine wanachemsha mizizi," akasema. "Wengine wanasema ukiwa nalo, mke hakuachi. Maneno ya watu. Mimi nalipenda tu kwa macho."

Mwenzangu akanitazama. Sikuwahi kuyasikia maneno hayo kwa baba yangu kabla ya siku hiyo, na hakukuwa na namna ya kuthibitisha kwamba sikuwahi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekata kishada. Alikiweka ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, juu ya kitambaa chenye maji, akaupakata mkebe huo kutoka Nuu mpaka tulipovuka Mto Athi na kufika nyumbani. Hakuniruhusu niuguse. Nilipomwambia afungue kidogo upate hewa, aliufungua akiwa amenipa mgongo.

Kesho yake alipanda kigoda yeye. Nilisimama chini na mikono yangu nimeifumbata nyuma, ili yeyote anayetazama aione. Mwaitu alikuwa ameketi mbele ya nyumba yake akichambua mbaazi na hakuwa anaangalia mbaazi.

"Sukuma kikofia na kijiti," nikamwambia. "Polepole. Umeona ya njano?"

"Imenata."

"Sasa nenda kwenye ua letu. Chini ya kidole kuna shimo. Linang'aa."

"Nimeliona." Akasukuma kijiti. "Imeingia."

Alifanya maua kadhaa hivyo. Hakutaka uzi. Alirarua ukingo wa kitambaa chake cheupe cha kichwani na kufunga vipande hivyo. Kisha akashuka na kunirudishia kijiti, akanawa mikono kwa sabuni, mara mbili.

Mengi yalianguka. Mawili yalivimba, yakabaki ya kijani, yakaendelea kunenepa hadi yakawa kama vidole gumba. Mwenzangu aliyatembelea kila siku. Nilimwona kutoka dirishani, na kwa mara ya kwanza sikuwa natafuta kosa, ingawa bado nilikuwa natazama, na yeye alijua kwamba natazama. Siku moja alinisubiri nitoke shule.

"Kumbe halikuwa tasa," akasema.

"Halikuwa."

"Lilitaka ya kutoka kwingine."

"Ndiyo. Chavua yake lenyewe lilikuwa linaitupa."

Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na daktari anaweza kujua? Kwa watu? Ni nani anayefanya mimba isishike?"

"Anaweza kupima. Lakini lazima muende wote wawili."

"Mimi nilienda. Zamani, nilipotoka Kathonzweni kwa dada yangu. Waliniambia niko sawa. Sikumwambia mtu. Nitamwambia nani, na mimi ndiye nasemwa?"

Hapo ndipo niliposikia kikohozi. Mwaitu alikuwa nyuma ya banda la mbuzi, hatua chache kutoka kwetu. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alichosikia, au alichochagua kusikia, nilikijua Jumapili hiyo mume wangu aliporudi kutoka kwa mama yake akiwa na uso wa mtu aliyepewa mzigo asioweza kuutua.

"Mama anasema unamfundisha mke wa ndugu yangu kutafuta nje."

"Kutafuta nini nje?"

"Usinifanye niseme, Mwalimu." Anaponiita Mwalimu ndani ya nyumba ni kwamba hataki kuniita kitu kingine. "Anasema amesikia kwa masikio yake. Kwamba lilitaka ya kutoka kwingine."

"Ni ua!"

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema, wakati wa nyuzi pia ulisema ni ua."

Nilicheka, na kicheko changu hakikumfurahisha. Wiki iliyofuata shemeji yangu aliacha kunisalimu. Akipita na ngazi yake ya maembe begani aligeuza uso upande wa shamba. Jioni moja nilisikia sauti yake imepanda nyumbani kwake, kisha sauti ya mkewe, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda, ikasema wazi, boma zima likasikia: "Basi twende ukapimwe! Mimi nilishapimwa! Twende hata kesho!"

Siku nyingi baada ya hapo kila mtu katika boma hilo alimchunguza mwenzake. Mwaitu alimchunguza mwenzangu alipoenda sokoni na aliporudi. Shemeji alinichunguza mimi. Mume wangu alianza kupiga simu katikati ya wiki, akiuliza habari za watoto, kisha akiuliza, kana kwamba ni kwa kupitia tu, kama mwenzangu yuko.

Kisha, asubuhi ya Jumanne, shemeji na mkewe waliondoka wamevaa nguo za kanisani. Walirudi jioni. Walikwenda tena hospitali baada ya muda, na mara nyingine tena. Hawakusema kitu kwa mtu. Nilichoona ni kwamba shemeji alilala ndani mchana kutwa siku chache, mtu ambaye hajui kulala mchana, na mkewe alikuwa akimpelekea chakula na kufunga mlango. Na niliona kwamba mwaitu alipoanza tena maneno yake kuhusu wanawake wasiozaa, shemeji alimwambia, "Mama, inatosha," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia mwanamume wa boma hilo akimtolea mama yake. Mwaitu alimtazama mwenzangu kana kwamba ndiye aliyeisema.

Matunda yale mawili yalikomaa kiangazi kilipokaribia kwisha. La kwanza lilipasuka tukiwa hatupo, tukakuta ganda tupu. La pili tulilifunga karatasi, mimi na mwenzangu, tukalifungua pamoja. Mbegu za okidi si mbegu kama unavyozijua. Ni vumbi, la rangi ya krimu, na ukipumua vibaya zimekwisha. Hazina chakula ndani yake, hivyo haziwezi kuota zenyewe. Lazima zikutane na aina fulani ya kuvu kwenye gome la mti, na mara nyingi hazikutani. Nilipeleka kiasi shuleni. Wanafunzi walilitazama vumbi na mmoja akaniuliza kama kweli hiyo ni mbegu au nawadanganya. Nyingine tulizipaka kwenye gome la mgunga na la miti mingine. Mpaka leo hakuna kilichoota ambacho ningeweza kuapia.

Wakati wa mavuno ya mbaazi, mwenzangu alienda kwao Kathonzweni kumzika dada yake, aliyekuwa ameugua muda mrefu. Aliporudi alikuwa na msichana mdogo aliyebeba begi la shule lililo kubwa kuliko mgongo wake. Mtoto wa marehemu. Baba yake hakujulikana, au alijulikana na hakutajwa. Shemeji alikuwa ameenda kuwachukua, na alimshika mtoto mkono kutoka barabarani mpaka nyumbani, mbele ya watu wote, polepole, kama mtu anayetaka aonekane.

Tulidhani hapo mambo yangetulia. Lakini mtoto alikuwa na umri unaokaribiana na miaka ya ndoa yao, na alikuwa na paji la uso pana kama la mwenzangu, jambo ambalo si ajabu kwa mtoto wa dada. Watu walianza kuhesabu. Kwamba labda alimzaa kabla ya kuolewa akamwachia dada. Kwamba labda alimzaa baada ya kuolewa, mwaka mmoja alipokaa kwao miezi kadhaa akiugua. Akina mama wa kanisa walimletea mtoto nguo na viatu, kwa moyo mzuri kabisa, na walipokuwa wakimpima viatu walimwinua kidevu wakatazama uso.

Mimi na mwenzangu tunaongea sasa. Huniita mwenzangu. Lakini sijawahi kumwuliza, na ninadhani ananingojea nimwulize ili ajue mimi ni wa upande gani.

Mwezi uliopita mwaitu aliniita nimsaidie kuchambua mbaazi. Msichana alikuwa akichora na kijiti mchangani, mbali kidogo. Mwaitu alimtazama muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye unajua mambo ya vitu vinavyozaana. Huyu mtoto ni wa nani?"

"Ni wa nyumba hii, mwaitu."

Akarusha mbaazi mbovu kwa kuku, akachukua konzi nyingine.

"Hivyo ndivyo anavyosema mtu anayejua," akasema.